Somo la jinsia lianzie nyumbani

KILA mwaka wa masomo unapoanza, wapo vijana wetu wa Arua na Koboko wanaoingia chuo kikuu na kukuta somo la utangulizi kuhusu jinsia na jamii. Nimewasikia wengi wakilibeza. Wavulana husema hilo ni somo la akina mama. Wazazi nao huuliza: nimeuza mbuzi nikalipa karo ili mtoto akasome ugomvi wa mke na mume?

Kwa maoni yangu, dharau hiyo inatokana na namna somo linavyofundishwa. Mwanafunzi hukariri maneno ya wataalamu wa Ulaya na Marekani, akajibu mtihani, akasahau. Haoni kwamba linamhusu.

Jambo la kwanza analofundishwa ni kwamba jinsi ni maumbile, na jinsia ni yale ambayo jamii imempangia mwanamume au mwanamke. Mfano wa hilo tunao hapa hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wakati wa ukoloni, Waingereza waliifanya sehemu hii kuwa hazina ya vibarua. Wanaume walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, wengine wakaandikishwa katika jeshi la KAR. Mwanamke akabaki na jembe, watoto na wazee. Leo tunaambiwa mwanamume wa West Nile ni askari kwa asili. Asili gani hiyo? Ni mipango ya mkoloni!

Kisha serikali ya Idi Amin ikaanguka mwaka 1979 na watu wetu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Mume aliyepoteza shamba na ng'ombe alibaki na amri gani nyumbani? Leo zamu imegeuka: sisi ndio tunaowapokea wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo. Nenda Rhino Camp, Imvepi au Lobule kule Koboko, utakuta wengi ni wanawake na watoto. Nani mkuu wa kaya pale? Hilo ni swali la mtihani, na jibu lake haliko maktaba.

Somo hili lina faida nyingine. Mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa pointi moja na nusu ili kuingia Makerere, na mwaka 1991 chuo hicho kikawa na idara ya masomo ya wanawake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Haikufuta mahari, ilizuia madai ya kurudishiwa. Lakini ni familia ngapi vijijini zinazolijua hilo? Binti anapigwa, akirudi kwao anaambiwa avumilie kwa sababu ng'ombe wameshaliwa. Kijana aliyesoma akinyamaza katika kikao cha ukoo siku hiyo, karo yetu imesaidia nini?

Ndiyo maana napendekeza kazi ya kwanza ya somo hili iwe kurudi nyumbani. Mwanafunzi awahoji bibi na babu, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili: nani alilima, nani aliuza, nani alishika fedha, nani alirithi ardhi? Aende sokoni Arua aangalie nani anauza nyanya na nani anamiliki lori. Kisha ndipo afungue kitabu cha mtaalamu wa ng'ambo, akipime kwa aliyoyaona.

Na wavulana wasiachwe nje. Kijana anayeendesha bodaboda usiku kucha kwa kuwa mwanamume hapaswi kukosa fedha, naye amefungwa na jinsia.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Wahadhiri, wapeni vijana wetu somo linaloijua West Nile. Nanyi wazazi, mtoto akija na maswali yake, msimfukuze. Mjibuni.