MAMBO YA MITAMBO: Jinsi Kibera Ilivyoingia Katika Ramani

Wasomaji watakumbuka kwamba juma lililopita nilieleza habari za saa za mkononi ambazo huhesabu mapigo ya moyo. Baada ya hayo nilipata barua tatu, mbili za kusifu na moja ya kukemea. Mwandishi wa hiyo ya tatu, ambaye ni mwenyeji wa Kibera, asema kwamba mimi napenda mno vitu ving'aavyo, na kwamba ingefaa nieleze walau jambo moja la mitambo lililomfaa mtu akaaye katika nyumba ya mabati. Nimekubali kukemewa. Tena namshukuru, maana jambo lenyewe lipo, na limetokea kwake mwenyewe.

Lakini kwanza sina budi kusimulia yaliyotupata Kawangware usiku mmoja wa mwaka 2012. Jirani yetu, mama mwenye mimba, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tulipiga simu kuita gari la wagonjwa, na dereva akauliza kama ilivyo desturi: barabara gani, na nyumba namba ngapi? Hatukuwa na la kumjibu. Mumewe alimwambia aje mpaka stendi ya matatu za 46, apite wauza makaa, ateremke mpaka penye mfereji, kisha aulize. Nani aulizwe saa nane za usiku? Mimi nilikuwa na simu nzuri mfukoni, niliyoinunua kwa fedha nyingi na kujivunia mbele za watu. Niliitoa nikaitazama. Kulikuwa na kitone cha rangi ya samawati, yaani mahali tuliposimama, na kandokando yake hapakuwa na kitu, ila rangi ya kijivu tupu kama jangwa. Barabara za majirani zetu wa Lavington zilikuwa zimeandikwa zote kwa majina. Dereva alizunguka karibu saa nzima. Mtoto alizaliwa kabla hajafika, mikononi mwa bibi mmoja wa ploti ile, na kwa rehema ya Mungu yeye na mama yake walipona. Hivi sasa mtoto huyo hunishinda katika michezo ya simu.

Hali yetu ya usiku ule ndiyo iliyokuwa hali ya Kibera nzima mpaka mwaka 2009. Watu walijaa tele, reli ilipita katikati, makanisa na misikiti ilikuwapo, shule zilikuwapo, wauza maji walikuwapo. Walakini katika ramani walizotumia watu wengi Kibera ilikuwa ni doa lisilo na kitu. Mwezi wa Novemba mwaka huo vijana 13 wa vijiji vya Kibera walianza kupita vichochoroni wakiwa na vyombo vidogo vya GPS mkononi na daftari kwapani. Kazi yao iliitwa Map Kibera, na walioianzisha pamoja nao walikuwa Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron. Kila penye bomba la maji, choo, zahanati, duka la dawa, shule au taa kubwa ya barabarani, kijana alisimama, akaandika jina na kutia alama. Baadaye waliketi mbele ya kompyuta wakaichora njia kwa njia, Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Silanga, Mashimoni, Laini Saba na vijiji vinginevyo.

Ramani hiyo waliitia katika OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Bwana Steve Coast. Huu ni mfano wa shamba la ushirika: mtu yeyote aweza kupanda, kupalilia na kuvuna, wala hapana anayetozwa ada. Akikosea mmoja, mwingine humsahihisha. Mimi naona hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote, kuliko hata mitambo yenyewe. Kampuni kubwa ikikosea jina la mtaa wako, utaiandikia na kungoja. Ramani ya ushirika ikikosea, utaamka asubuhi na kuitengeneza mwenyewe kabla ya chai.

Sasa nieleze jinsi chombo kile kinavyojua mahali kilipo, maana nimesikia maelezo ya ajabu katika vibanda vya mafundi wa simu pale Kawangware. Fundi mmoja, mtu hodari sana wa kubadili vioo, alinihakikishia kwamba simu hupigwa picha kutoka mbinguni. Sivyo hata kidogo. Juu ya vichwa vyetu, umbali wa kilomita 20,200 hivi, zazunguka setilaiti za Marekani zipatazo 30, na kila moja imechukua saa ya atomiki. Kila setilaiti yapiga mbiu bila kukoma, yasema: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu ni hii. Chombo kilicho mkononi hakijibu wala hakiombi ruhusa, chasikiliza tu. Mbiu yaja kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kwa kuupima muda wa safari chombo chajua umbali wa kila setilaiti. Kikisikia setilaiti tatu chaweza kukisia mahali kilipo, lakini yahitajiwa ya nne ili kuisahihisha saa yake chenyewe, maana saa iliyo ndani ya simu ni ya bei rahisi na haitegemewi. Kosa la sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni ni sawa na mita 300. Kwa kosa hilo tu, mtu aliye ukingoni mwa Kibera angeambiwa kwamba amesimama katika uwanja wa gofu ulio jirani, mahali ambapo hangeruhusiwa kukanyaga majani.

Tena lipo jambo linalonistaajabisha kila nikilifikiri. Saa zilizo huko juu huenda mbele kuliko saa zetu za chini kwa kiasi cha sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, kila siku ipitayo. Sababu yake ni ile aliyoieleza Albert Einstein kabla hata babu zetu wengi hawajaona baiskeli: uzito wa dunia na mwendo wa kitu hubadili upitaji wa wakati. Lisiposahihishwa, kosa lingeongezeka zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja. Basi kijana anayepita na kile chombo kando ya mtaro wa Gatwekera, akiruka maji machafu, anatumia elimu ya Einstein, na hana habari.

Na jambo hili lisingewezekana miaka 10 kabla yake. Mpaka mwezi wa Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani iliiharibu kwa makusudi mbiu iliyopokewa na raia, ili adui wasiitumie vitani, hata mtu aliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Katika mashamba ya ngano mita 100 si kitu. Katika Kibera, ndani ya mita 100 mna familia nyingi, duka la nyama, saluni, kanisa na huenda kituo cha kulea watoto. Bomba la maji lingechorwa ng'ambo ya mto. Hata sasa mabati yatusumbua, kwa kuwa mbiu haipiti katika bati, nayo ikilipiga ukuta huruka kama mpira na kukidanganya chombo. Atakaye kupima vizuri na atoke nje, asimame mahali peupe, angoje kidogo.

(Kwa wale wanaodhani kwamba mambo ya setilaiti ni ya Wazungu peke yao, nawakumbusha kwamba mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kuchunguza nyota ilirushwa baharini karibu na Malindi, na jina lake likawa Uhuru. Na Aprili 2023 Kenya ilirushiwa setilaiti yake, Taifa-1, itazamayo ardhi.)

Mwandishi wangu wa Kibera atauliza: ramani hiyo ilimfaa nani? Nami nitajibu kwa mfano wa hesabu. Kwa miaka mingi iliandikwa duniani kote kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakazidisha kupita hapo. Hesabu ya watu ya Agosti 2009 ikatoa jumla ya 170,070. Watu walibishana sana, na wapo wasiokubali mpaka leo. Mimi sitaingia katika ugomvi huo, ila nasema hivi: neno la milioni lilidumu kwa kuwa hapana aliyekuwa na kitu cha kulipimia. Mtu akiisha kuchora nyumba, njia na mabomba, hawezi tena kudanganywa kwa urahisi, wala kwa kuzidishiwa wala kwa kupunguziwa. Vivyo hivyo katika shule. Waliporudi vijana hao kuzihesabu shule moja moja, walikuta zaidi ya 300, na nyingi kati yake hazikuwa za serikali; zilianzishwa na wazazi, makanisa na walimu wenyewe, katika vyumba vya mabati. Mzazi aliyekuwa akidhani shule ni mbili tu karibu naye aliweza kuona nyingine iko wapi. Baadhi ya ramani zilipigwa chapa katika karatasi, na nyingine zikachorwa ukutani kwa rangi, jambo ambalo nalisifu sana, kwa maana ukuta hauhitaji betri.

Walakini si haki kusifu tu. Watu wa Kibera wana sababu nzuri ya kumwogopa mtu anayepita akipima. Ramani ya kwanza ya mahali pale haikuchorwa na wenyeji. Askari wa Kinubi waliowatumikia Waingereza katika jeshi la K.A.R. walikaa katika msitu ule walioupa jina la Kibra, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza kuwa ni eneo la jeshi, ekari 4,197. Mwaka 2017 jamaa zao walipopewa hati ya ardhi ya jamii, ilikuwa ya ekari 288. Aliyeshika kalamu na mnyororo wa kupimia ndiye aliyeamua, na wenye kupimwa walipata habari baadaye. Kisha Julai 2018 matingatinga yalikuja yakabomoa nyumba na shule za maelfu ya watu ili ipite barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Mama aliyeona alama nyekundu ya X juu ya mlango wake hataki kusikia hotuba juu ya uzuri wa vipimo.

Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi. Je, doa tupu lilikuwa ngao? Wako wazee niliozungumza nao wanaosema ndivyo, kwamba kisichoandikwa hakitozwi kodi wala hakibomolewi. Mimi siwezi kukubaliana nao. Barabara ile ilichorwa na wahandisi ambao walikuwa na picha zilizopigwa kutoka juu, na katika picha hizo paa la shule na paa la banda la kuku ni bati moja. Anayejua kwamba hili ni shule ni yule anayeishi karibu nalo. Akinyamaza, picha ya juu haitamsemea. Ila nawapa wazee haki katika neno moja: si kila kitu kinafaa kutiwa katika ramani ya wazi. Bomba, choo, zahanati na shule, ndiyo. Jina la mwenye nyumba, kabila lake, au mahali analala mama asiye na mume, hapana. Tukikumbuka yaliyotokea mapema mwaka 2008, nadhani hapana haja ya kueleza zaidi.

Kawangware mambo si sawasawa na Kibera, kwa kuwa kwetu ardhi kwa sehemu kubwa ni ya watu binafsi na ploti zina wenyewe. Lakini vichochoro ni vile vile, na dereva wa usiku hupotea vile vile. Kwa hiyo Jumamosi tatu zilizopita nilitoka mimi na vijana wawili wa mtaani, tukaanza na kazi ndogo: kutia alama kila mkunga, kila zahanati, na kila mahali ambapo gari laweza kufika bila kukwama. Hatukununua chombo chochote. Simu ya kawaida yenye kioo cha kugusa yatosha, hata iliyokwisha kutumika.

Tena sikilizeni neno hili, maana wengi wamekosea: simu haihitaji bando ili kujua mahali ilipo. Mbiu ya setilaiti ni bure. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Pakua ramani ya Nairobi mara moja, mahali penye intaneti ya bure, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, na tangu hapo utaitembelea bila senti moja. Ila bila intaneti simu yaweza kukawia dakika chache kabla ya kujitambua. Usiitikise wala usiitukane.

Tumekwisha kupita upande wa Gatina. Tulipofika karibu na nyumba ya yule bibi aliyempokea mtoto usiku ule, nilimwuliza kama anapenda tumtie katika ramani. Aliuliza kama watu watamjia usiku. Nikasema huenda wakaja. Akafikiri, akasema tuandike, ila tuandike pia kwamba mlango wake ni ule wa buluu, kwa sababu ule mwingine ni wa mlevi.

Kwa msomaji wa Kawangware aliyeuliza juu ya betri ya simu iliyovimba kama andazi: usiitoboe, usiikalie, wala usiendelee kuitia moto wa umeme. Izime simu, iweke mbali na godoro na nguo, na umpelekee fundi anayejua kazi yake. Bei ya betri mpya ni ndogo kuliko bei ya godoro.