BWANA SHAMBA ANASEMA: Mabuti au Viatu Vyepesi?



Wakulima wa Rwamishenye huuliza: "Tukipata fedha ya viatu, tununue mabuti ya mpira au viatu vyepesi?" Kwanza itazame kazi yako.

Bukoba ina mvua nyingi. Kwa mwaka hufika karibu milimita 2,000. Mwezi wa Aprili hunyesha zaidi. Kibanja huwa na matope. Chini ya majani uliyotandaza kwenye migomba, nyoka huweza kujificha. Nyoka wengi huuma wayo au mguu chini ya goti. Minyoo ya safura nayo hutoboa ngozi ya mguu, hasa palipo na kinyesi cha watu. Huingia tumboni na kunyonya damu. Mtu hukosa nguvu. Kwa hiyo ukiingia kibanjani, vaa mabuti. Ukinyunyizia kahawa dawa, suruali iwe nje ya buti, dawa isitiririke ndani.

Lakini buti ni zito, tena halipitishi hewa. Ukitembea nalo mbali, mguu huchoka, hutoka jasho na kuchubuka. Kwa safari ya sokoni au zahanati, vaa raba au makatambuga.

Unapochagua mabuti, fanya hivi:

1. Nenda jioni, maana wakati huo mguu umevimba kidogo.
2. Vaa yote mawili, utembee. Vidole visibanwe. Kisigino kisicheze.
3. Tazama soli. Yenye meno haitelezi ovyo kwenye matope.

Ukirudi kazini, yaoshe. Yapindue yakauke kivulini, mbali na moto. Moto huharibu mpira. Asubuhi yakung'ute kabla ya kuvaa. Huenda nge au nyoka amelala ndani.

Fedha ikitosha jozi moja tu, anza na mabuti. Njiani, makatambuga ya tairi yatakusaidia kwa bei ndogo.

Je, mabuti avae nani? Katika nyumba nyingi mabuti ni ya baba, na mama hupalilia miguu mitupu. Minyoo haichagui baba wala mama. Mama mjamzito akipungukiwa damu, yeye na mtoto wamo hatarini. Basi mabuti yawe ya yule anayeshinda kibanjani. Yanunuliwe kwa kipimo cha mguu wake.

Leo jioni zungumzeni: Nyumbani kwenu, nani hushinda shambani? Amevaa nini miguuni?