Dhana Potofu au Dhana Sugu?

Kijana wa Malaba akisadiki kwamba kila dereva wa lori aendaye Uganda anampeleleza, jamaa zake humpa ushahidi wa kinyume, naye asikubali. Majirani, hadi Busia, husema ana wazimu, neno lenye undugu na mzimu. Baadhi ya wasomi huandika "dhana potofu", kana kwamba hoja nzuri ingemponya. Hapo istilahi inakosea. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2016 ulilinganisha ubongo wa wagonjwa 2,028 wa skizofrenia na wa watu 2,540 wasiougua: hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ilikuwa ndogo zaidi kwa wagonjwa. (Kwa wastani tu, picha pekee haimtambui mgonjwa.) Upotofu hurekebishwa kwa hoja. "Dhana sugu" ingefaa zaidi, na ingewapunguzia jamaa ule ubishi wa kila jioni.