Kozi Bure, Tumbo Je?

Kama wiki imekwenda poa, hewala. Kama umechacha mpaka unahesabu sarafu za daladala, usijione uko peke yako, tuko kibao. Leo sina stori za mapenzi wala mavazi. Leo tuongee kazi.

Kuna wimbo wakubwa wanaupenda kuliko nyimbo zote: "Vijana waende wakajifunze ufundi." Umemaliza darasa la saba ukabaki nyumbani? Nenda ufundi. Form Four imekukataa? Nenda ufundi. Una miaka thelathini, watoto wawili, unapiga deiwaka? Nenda ufundi. Na uongo mbaya, ufundi unalipa. Muulize mwenye nyumba aliyepasukiwa na bomba saa tatu usiku, akwambie fundi alimtoza ngapi.

Na tusiwaonee, fungu wameweka. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ikawekewa tozo inayokatwa kwa waajiri ili mafunzo yasikose hela. Ndiyo maana kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vyake imekuwa sh. 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa, na 120,000 kwa anayelala bwenini. Hiyo ni bei ya jozi ya raba kali Kariakoo. Halafu kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ikaja programu ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo maelfu ya vijana wamelipiwa ada na serikali. Hapo mwanafunzi hatoi hata senti tano ya ada.

Sasa mbona kijiwe bado kimejaa?

Jibu la haraka utalisikia kila mahali: "Hawa watu wavivu. Wanapewa kozi bure, baada ya mwezi wanatoroka." Wanaosema hivyo wengi wao wameshiba. Hebu tupige hesabu kidogo, usiogope, siyo ile ya mwalimu wa zamu.

Tuseme wewe ni mama wa miaka 28, unakaa Gongo la Mboto, kozi ya ushonaji iko Chang'ombe. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, kwa kuunganisha magari, ni sh. 2,500. Kwa siku ishirini za mwezi ni sh. 50,000. Umeona? Miezi miwili tu ya nauli imeshaipita ada ya mwaka mzima. Bado hujala. Na bado kuna lile kubwa zaidi, kibarua ulichokiacha. Kama kufua na kuosha vyombo vya watu kulikuwa kunakuingizia sh. 10,000 kwa siku, basi kila mwezi unaokaa darasani umepoteza 200,000. Jumlisha na nauli, zidisha kwa miezi sita, utapata milioni moja na nusu. Hiyo ndiyo bei ya kozi ya bure!

Mtoto wa nyumbani kwao, anayekula kwa mama na kulala kwa baba, hiyo bei haioni. Mtu mzima mwenye familia anaiona kila jioni akiingia ndani, watoto wanamtazama mikono. Akitoroka mwezi wa pili, usimwite mvivu. Amechagua ugali wa leo badala ya cheti cha kesho, na wewe ungechagua hivyo hivyo.

Hapa ndipo roho inaponiuma kidogo. Mwanachuo wa chuo kikuu aliyepata mkopo wa serikali anapewa ada na pia hela ya chakula na malazi, lile bumu mnalolijua, likitoka maduka yote ya jirani yanachangamka. Ni mkopo, atalipa, na simwonei wivu. Ila jua kwamba kwa miaka mingi theluthi mbili ya ile tozo ya ujuzi ilikuwa inakwenda kwenye mikopo ya chuo kikuu, na theluthi moja ndiyo inakwenda VETA. Yaani aliyefika chuo kikuu akafikiriwa tumbo, na yule mama wa cherehani akaambiwa asante, ada tumeshusha. Waajiri nao wamelia mpaka tozo ikashushwa: mwaka 2013 kutoka asilimia 6 hadi 5, na kufikia 2023 ikawa 3.5. Kila ikishuka, mwajiri anapumua, lakini chungu cha mafunzo nacho kinapungua.

Lakini zipo njia mbili ambazo mimi nazipa tano, kwa sababu zinajua kwamba mtu mzima anakula.

Ya kwanza ni urasimishaji wa ujuzi. Hii ni ya wale waliojifunzia chini ya mwembe, waliosoma chuo cha "saidia fundi". Unajua kufyatua tofali, kupaka rangi, kupika, kushusha injini, ila karatasi huna. Badala ya kukurudisha darasani ukafundishwe kushika nyundo, wanakupima kwenye kazi unayoifanya. Palipo na pengo unanolewa kwa muda mfupi, halafu unapewa cheti. Usikidharau. Kampuni haikuajiri kwa maneno ya jirani yako. Na kwenye umeme ndiyo usiseme, kufunga nyaya kihalali kunataka leseni ya EWURA, na leseni inataka uthibitisho wa ujuzi.

Ya pili ni uanagenzi. Unajifunzia kazini, chuo unakigusa kwa vipindi. Uzuri wake siyo spana tu. Bosi anakuona ukiwahi, anaona usivyoiba vipuri, anakuzoea. Siku akitafuta mtu, jina lako liko mdomoni. Mjini hapa kazi nyingi zinapita kwa kujuana, na maskini huwa hana wa kujuana naye. Uanagenzi unamtengenezea huyo mtu.

Kwa hiyo ewe unayefuatilia matangazo ya mafunzo, kabla hujajaza fomu uliza maswali matatu bila aibu. Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Siku ngapi ni za vitendo, na ni kwa nani? Vipindi ni asubuhi au jioni, nipate nafasi ya kibarua changu? Ukijibiwa kwa kubabaishwa, ujue hapo utatoka na picha ya mahafali tu.

Na nyie waheshimiwa mnaopanga bajeti, wekeni mstari mmoja wa nauli na mlo wa mchana kwa watu wazima wenye familia. Hamuwezi? Basi sogezeni kozi mitaani, zianze saa kumi na moja jioni watu wakitoka kwenye vibarua. Afadhali kuwasomesha mia moja wakamaliza wote, kuliko kuandikisha mia tatu kwa ajili ya kamera za siku ya ufunguzi, halafu siku ya mtihani mnahesabu viti vitupu.

Mtu hawezi kusoma kwa bidii huku mwanaye amelala na njaa. Hilo halihitaji digrii.

Haya msomaji wangu, nafasi imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Wiki ijayo, panapo majaliwa, narudi na yale mambo yetu. Kaa ngangari!