Tupime dodoso kabla halijatupima sisi

Leo tuweke ufuta pembeni kidogo, tuongelee lishe. Najua kuna atakayesema hiyo ni kazi ya watu wa afya. Subiri kwanza.

Siku moja nilikuwa nasaidia kujaza dodoso la lishe kwenye kijiji kimoja huku Kilwa. Nikamuuliza bibi mmoja, "Shikamoo bibi. Jana mlikula mboga?" Akajibu, "Marahaba. Tulikula mwanangu, mchana na usiku." Nikaweka tiki kwenye mboga za majani. Wakati naaga nikamsifia kwa kula majani. Akacheka sana. "Majani gani tena? Tulikula dagaa!"

Huku kwetu mboga ni kitoweo chochote cha kulia ugali. Nilikuwa nimeshajaza kaya kadhaa kwa mtindo huohuo. Kesho yake nilirudi kuuliza upya, na tiki nyingi zikahama. Kosa halikuwa la bibi. Lilikuwa la dodoso ambalo halikujaribiwa, na langu mimi niliyelibeba bila kuuliza.

Sasa kwa nini nakuambia wewe mkulima? Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wanasaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 ulisainiwa upya mbele ya Rais. Halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na utekelezaji unapimwa kwa kadi alama: kijani, njano, nyekundu. Ni jambo zuri. Lakini kujua kwamba hela imetoka siyo kujua nini kiko kwenye sufuria. Kitaifa udumavu ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, na mwaka 2022 ulikuwa bado asilimia 30. Dodoso likisema uongo kwamba watu wanakula majani ya kutosha, nani atahangaika kuweka bustani za mboga au mbegu za viazi lishe kwenye mpango? Na wewe unayelima mchicha na matembele, soko hilo umelikosa.

Hebu jiulize: utakubali ufuta wako upimwe kwa mzani wa AMCOS ambao haujahakikiwa? Hukubali, na una haki. Basi dodoso nalo ni mzani. Kabla halijaenda kaya mia tatu, lipite kwanza kaya kumi. Mimi naona mambo matatu yanatosha kuanzia:

1. Maneno. Ukishauliza swali, muulize mtu ameelewa nini. Taja vyakula kwa majina: kisamvu, matembele, mchicha, majani ya kunde.

2. Vipimo. Watu wawili wampime mtoto yuleyule, kila mmoja bila kuona namba ya mwenzake. Wa chini ya miaka miwili apimwe urefu akiwa amelala, mkubwa zaidi akiwa amesimama. Ukichanganya hayo, namba inahama kama sentimita 0.7. Mizani nayo ijaribiwe kwa jiwe la kilo zinazojulikana.

3. Msimu. Ukiuliza jana walikula nini wakati wa minada ya ufuta, utapata jibu la shibe. Uliza tena Februari, hela imeisha na mahindi bado yako shambani. Linganisha Februari na Februari, siyo Februari na Julai.

Kuna watakaosema huko ni kuchelewesha kazi. Siku mbili tatu za majaribio ni gharama ndogo kuliko mwaka mzima wa mpango uliojengwa juu ya dagaa walioandikwa mchicha.

Ombi langu: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika, usimwachie mkeo peke yake. Nenda. Mwulize mtaalamu kwa heshima, "Dodoso hili mmelijaribu wapi?" Halafu rudi nyumbani ufunue sufuria yako mwenyewe. Wapo kati yetu wanaouza ufuta wa mamilioni, na mtoto anakula ugali na chumvi. Hiyo haihitaji dodoso.