Springi Mbili za Nini, na Kisiwa Chetu Hakina Mlima?

Wenzangu, tuseme ukweli. Tangu muhula uanze, kila nikipita nje ya ukumbi wa mihadhara hapa Tunguu nakuta kundi la vijana wameizunguka baiskeli moja. Si Phoenix ya babu, wala si ile ya kikapu iliyotoka Japani. Ni ya springi mbili: moja mbele kwenye foku, nyengine nyuma chini ya siti, nyekundu kama pilipili, tairi nene. Mtu anaikalia, anaibonyeza, inashuka na kupanda kama kochi jipya, basi roho zinadondoka. Na suala linaloulizwa ni moja tu: nitaipata wapi kwa bei rahisi?

Rai yangu ni kwamba usiitafute. Na si kwa sababu naipinga baiskeli. Naendesha kutoka Mkunazini hadi Tunguu tangu mwaka wa pili, kilomita 15 na ushei, kama saa moja ukiondoka mapema kabla jua halijakasirika. Hesabu yenyewe haihitaji mhasibu. Muhula wa wiki 15, siku 5 kwa wiki, kwenda na kurudi: safari 150. Zidisha nauli unayolipa kwa 150. Kama unapanda gari mbili, zidisha tena. Ukimaliza kuguna, utaona kwamba baiskeli nzuri ya mtumba inajilipa yenyewe, na kwa wengi wetu haimalizi hata mwaka. Kwa hiyo ugomvi wangu si wa kununua au kutonunua. Ugomvi ni kwamba boom likishaingia tunakwenda Darajani na pesa ya baiskeli, tunarudi na pambo.

Hebu tuanze na hiyo baiskeli ya mlimani ilikotoka. Miaka ya 1970 kule California, Marekani, vijana kina Gary Fisher na Joe Breeze walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani, wanazipandisha mlima Tamalpais, kisha wanashuka nazo kwa kasi kwenye njia za vumbi. Breki zilichemka mpaka grisi ikaungua. Kutokana na mchezo huo ndipo ikazaliwa baiskeli ya tairi nene na gia nyingi, na haikuwa na springi hata moja. Springi zilikuja baadaye, za mbele kwanza, za nyuma zikafuata, kwa ajili ya watu wanaoshuka milima yenye mawe na mizizi.

Sasa tazama hapa kwetu. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja iko kwenye kilima cha Masingini, kiasi cha mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Kutoka Mjini hadi Tunguu ni lami. Kwenda Paje ni lami, Nungwi lami. Mlima wa kushuka uko wapi, ndugu zangu?

Na hata mabingwa hawakubaliani kama springi ya nyuma ni lazima. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mbio za baiskeli za mlimani za wanaume, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alichukua dhahabu akiwa na springi mbili. Nino Schurter wa Uswisi alimaliza nyuma yake kwa sekunde moja tu, na baiskeli yake ilikuwa na springi ya mbele peke yake. Sekunde moja, kwenye njia iliyojaa mawe yaliyopangwa makusudi kumtesa mtu. Wewe unataka springi ya nyuma ya kuvukia tuta la Fuoni.

Lakini hoja yangu kubwa si milima. Ni jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Springi peke yake haijui kutulia. Ukiibonyeza, inarudi kwa nguvu ileile. Ndiyo maana shokapu ya kweli ina mafuta ndani yanayopita kwenye vitundu vidogo, na kazi ya mafuta hayo ni kuizuia springi isiruke ovyo. Toa mafuta, unabaki na kitanda cha springi chenye magurudumu. Sasa hizi za bei rahisi nyingi zina springi tupu. Kila ukikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu yako inashuka kwenye springi badala ya kwenda kwenye tairi. Tazama mtu anayepanda nayo mwinuko wa Bububu kuelekea Dole: anapanda na kushuka juu ya siti kama anapanda farasi, baiskeli yenyewe haisogei. Halafu kuna uzito. Springi, vyuma vya kuishikilia, fremu nene ya kubeba vyote hivyo. Utakuta kilo 17 au 18. Wanaokaa Mji Mkongwe wananielewa. Mimi nalala ghorofa ya tatu kwa bibi yangu, na ngazi za mbao zile zilijengwa kwa watu, si kwa vyuma. Baiskeli lazima ipande juu kila usiku maana chini haifiki asubuhi.

Nyuma kuna kiungo, pale fremu inapokatika ili gurudumu liweze kucheza. Kwenye baiskeli za ghali kiungo hicho kina beringi zilizozibwa vizuri. Kwenye za rahisi ni bushi ya plastiki tu. Changanya hiyo plastiki na mchanga wetu, chumvi yetu ya bahari, na tabia yetu ya kuendesha ufukweni Jambiani maji yakipwa kwa sababu mchanga unakuwa mgumu na picha zinatoka vizuri. Kutu haina haraka lakini haipotei njia.

Mtu ataniambia basi nunua nzuri. Haya. Ulaya na Marekani, hata ile wanayoiita ya mtu wa kawaida, mpya, yenye springi mbili zinazoaminika, haishuki sana chini ya dola 1,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2. Na ukishainunua hujamaliza. Baadhi ya watengenezaji wa foku na shokapu wanataka zifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa mtu wa Mjini–Tunguu, saa mbili kwa siku, hizo saa 50 zinakwisha kwa wiki tano. Utaifungua kwa fundi gani, kwa mafuta gani, na pampu ipi ya upepo wa shokapu? Sisemi hivi kuwadharau mafundi wetu, wallahi. Mafundi wa Darajani na Mwembeladu wanafufua vitu ambavyo mwenyewe aliyevitengeneza angevizika. Lakini fundi hawezi kuuza kipuri ambacho hakijawahi kuteremka bandarini.

Kuna jengine ambalo lilinichekesha na kunikera kwa pamoja. Nyingi ya baiskeli hizi zinakuja kwenye makontena ya mtumba kutoka Japani. Siku moja niliiona moja ina kibandiko cha maandishi ya Kijapani kwenye fremu. Muuzaji alisema ni alama ya ubora. Nikatoa simu, nikapiga picha, programu ikanitafsiria: usiendeshe kwenye njia mbovu. Nikafuatilia, kumbe ni jambo linalojulikana huko kwao. Japani kuna aina nzima ya baiskeli zilizotengenezwa zifanane na za mlimani, na watengenezaji wenyewe wanabandika onyo kwamba zisipelekwe huko. Ni za kwendea dukani. Mjapani anasoma anaelewa. Sisi tunasoma rangi.

Mtoto wa ami yangu, yuko mwaka wa kwanza, alinunua ya namna hiyo. Muuzaji alianzia laki tatu na nusu, wakashushana hadi laki mbili na sabini, akarudi nayo nyumbani kama bwana harusi. Mwezi wa tatu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama mkia. Bushi imekwisha. Ikatafutwa mji mzima, hakuna. Fundi mmoja akachonga nyengine kwa kipande cha bomba la plastiki, ikakaa wiki mbili. Mwisho mzee yule akaing'oa springi yote, akaweka kipande cha chuma mahala pake, akakaza nati mbili, akamwambia, "Sasa ndiyo imekuwa baiskeli, mwanangu." Na kweli tangu hapo haijasumbua. Ila ni nzito vilevile, na laki mbili na sabini imekwenda.

Nitakuwa muadilifu. Wapo wenzetu wanaotoka uwandani, huko Makunduchi, Muyuni, Kizimkazi, ambako ukiiacha lami unakutana na mawe ya matumbawe yaliyochongoka kama meno. Huko springi ina maana, na mwenye kuishi huko hahitaji darsa kutoka kwa mtu wa ghorofani. Hata hivyo wazee wa huko wanabeba kuni, madema na watoto juu ya baiskeli za chuma kitupu miaka yote. Siri yao kubwa ni tairi. Tairi nene, upepo usijazwe mpaka ikalia kama ngoma, hiyo ndiyo springi ya kwanza ya baiskeli yoyote, na haina bushi ya kukwisha.

Ukiniuliza ununue nini na hiyo laki mbili na kitu, nitakwambia tafuta ya mtumba isiyo na springi nyuma, ikiwezekana hata mbele isiwe nayo. Gurudumu liwe saizi 26, maana tairi na tyubu zake unazipata hata usiku. Inyanyue kwa mkono mmoja. Zungusha magurudumu utazame kama rimu inacheza. Pitisha kidole kwenye maungio yote ya fremu, hasa chini ya kichwa cha usukani, utafute ufa uliofichwa na rangi. Na kama moyo umegoma, lazima springi mbili, basi angalau shika siti kwa mkono mmoja na gurudumu la nyuma kwa mwengine, ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, msalimie muuzaji uondoke.

Pesa inayobaki nunua taa ya nyuma, kofia ngumu na kufuli la maana. Ile barabara yetu ina malori ya mchanga na gari za watalii zinazokimbilia Paje, na hakuna njia ya baiskeli. Springi haijamzuia dereva hata mmoja. Taa nyekundu inaweza.

Dada zetu nao wananiambia jambo tusilolisikia kwenye yale makundi ya nje ya ukumbi. Wengi wangependa kuendesha, lakini fremu hizi za springi zina chuma cha juu ambacho huwezi kukivuka ukiwa na baibui. Ile ya kikapu kutoka Japani, tunayoicheka, fremu yake imeshuka chini, mnyororo umefunikwa nguo isikamatwe, na taa inawaka kwa gurudumu lenyewe. Mtu aliyeiunda alimfikiria mpandaji. Sijui tunamcheka nani.

Na hapa nakigeukia chama chetu cha wanafunzi. Kila uchaguzi tunaahidiwa basi la chuo. Mimi naomba kidogo kuliko hilo. Leo baiskeli zetu zinafungwa kwenye nguzo, kwenye miti, kwenye dirisha la maabara, zinachomwa na jua na kunyeshewa, na kila wiki utasikia kuna siti imeibiwa. Mabati kumi, mabomba manne ya kufungia kufuli karibu na geti ambako mlinzi anaona, na fundi mmoja aje na boksi lake kila Jumatano. Masika yanaanza Machi. Bajeti inajadiliwa Januari.