Kivimbe kisichouma kisitudanganye

Wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa nyumbani,

Zamani, mbele ya kufika kazi hapa, nilipokea katika dispansere mama mmoja wa miaka 32, mwenye mtoto wa kunyonya. Alikuwa na kivimbe kigumu katika ziwa la kushoto. Hakikumuuma. Nilimwambia: «Mama, ni maziwa yameganda.» Nikampa vidonge, akaenda. Alirudi nyuma ya miezi 4. Kivimbe kilikuwa kama limau, na kingine kimetokea katika kwapa. Alipasuliwa, lakini tulikuwa tumechelewa. Kosa lile lilikuwa langu, na ndiyo sababu ninaandika.

Kansere ya ziwa si ya namna moja. Moja iliyo kali sana waganga wanaiita «negatifu mara tatu», maana haina zile alama 3 ambazo dawa nyingine zinashika: alama 2 za homoni na ile ya HER2. Kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni haviisaidii. Katika wanawake 100 wenye kansere ya ziwa, 10 mpaka 15 wana namna hiyo. Inashika zaidi wanawake wasiofika miaka 40, na wanawake weusi. Basi anayesema «huyu angali kijana, si kansere» anajidanganya.

Lakini ukali wake si hukumu ya kufa. Nini inaokoa?

Kwanza, kuikuta mapema. Hesabu za Marekani zinaonyesha: ikiwa ingali ndani ya ziwa tu, wagonjwa karibu 90 kwa 100 wanaishi miaka 5 na zaidi. Ikiwa imekwisha kufika katika mapafu, ini ao mifupa, ni karibu 12 tu.

Pili, kumaliza dawa. Dawa kali za kupitisha katika mishipa zinaipiga sana namna hii. Zikitolewa mbele ya operesheni, na munganga asikute tena kansere, matumaini ni makubwa. Anayeziacha katikati kwa sababu nywele zinaanguka anapoteza nafasi yake.

Tatu, kurudi kupimwa. Hatari ya kuamka tena ni kubwa katika miaka 3 ya kwanza. Nyuma ya miaka 5 inapunguka sana.

Watu wengi wanalaumu wanawake: wana haya, wanakimbilia dawa za miti. Mimi ninasema kosa si lao peke yao. Bwana anayesema «tungoje mshahara», jamaa wanaosema ni uchawi, na sisi wa dispansere tunaotoa vidonge bila kupima vizuri: sisi wote tunakula miezi ya mgonjwa.

Kwa hiyo ninaomba sheria moja. Kivimbe kisichoisha katika majuma 2, hata kwa mama anayenyonyesha, kiende kwa munganga, kipande kidogo kikatwe na kupimwa. Ziwa lililovimba na kuwa jekundu, ngozi yake kama ya chungwa, liende vilevile, hata bila kivimbe. Na wewe bwana, umsindikize bibi yako.

Chini ya ardhi, tukisikia jiwe la juu linalia, hatungoji lianguke. Nyumbani tufanye vilevile.